Albamu ya kwanza ya jazi: ununue ipi?

Neno Jazz wengi wetu tulilisikia redioni kabla ya kujua maana yake. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, na kutoka Kinshasa O.K. Jazz ya Franco. Basi siku ya kwanza nilipotoa hela yangu kununua jazi ya Wamarekani, nilitegemea magitaa na kiitikio. Muuzaji wa CD za mtumba akanichagulia moja yenye picha ya saksafoni na jua linalozama, akaapa kwamba ndiyo yenyewe. Nikafika nyumbani, nikaiweka. Muziki laini, hauna mwanzo wala mwisho, kama ule unaowekewa kwenye simu ukiambiwa usubiri mhudumu. Nikasema jazi si yangu, nikakaa miaka bila kuigusa tena.

Orodha hii haifuati sifa za albamu duniani. Nimejiuliza kitu kimoja tu: masikio yaliyolelewa na dansi na kwaya yataingia haraka kwa mlango upi? Na kwa kuwa karibu kila nitakachotaja kinasikika YouTube, tumia bando kwanza, fungua pochi baadaye.

Ujue pia jinsi wimbo wa jazi unavyokwenda, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Bendi inaanza kwa kupiga tuni yenyewe, wote pamoja. Kisha kila mpigaji anapewa zamu atunge yake papo hapo, huku piano na besi zikiendelea kuzunguka msingi uleule wa tuni. Mwisho wote wanarudi nyumbani. Ukipotea katikati, endelea kuimba tuni ile kichwani; utashangaa inavyokaa sawasawa chini ya kila solo. Aliyewahi kusimama ukumbini akingojea sebene lianze hana haja ya kufundishwa kungoja.

Namba moja kwangu ni Moanin' ya Art Blakey na Jazz Messengers, iliyorekodiwa Oktoba 1958 huko Hackensack, New Jersey. Wapenzi wengi wa jazi watanipinga, lakini sikiliza sekunde kumi za mwanzo. Piano ya Bobby Timmons inatoa kauli fupi peke yake, kama mhubiri anayeanza sentensi. Tarumbeta na saksafoni zinaitikia kwa noti mbili: a-mina. Piano tena, amina tena. Hakuna mtu wa huku atakayeuliza hapo kinafanyika nini. Baadaye Lee Morgan, kijana wa miaka 20, anaingia na tarumbeta, na anaingia kama mtu aliyekuwa akisubiri nje ya mlango muda mrefu. Nyuma yake Blakey anapiga dramu kwa namna ya kumsukuma. Kuna mahali utadhani anamgombeza. Wimbo una zaidi ya dakika tisa na sijawahi kuukatisha. Angalizo kwa mnunuzi: majalada ya mwanzo hayana jina Moanin', yameandikwa Art Blakey and the Jazz Messengers tu, pamoja na picha ya uso wake. Usidhani umepewa nyingine.

Namba mbili ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya mwaka 1959, ambayo karibu kila orodha huiweka juu. Nimeishusha ngazi moja kwa sababu inadai utulivu. Ukiipiga huku unapika ubwabwa na watoto wanagombana, itapita kama upepo. Iweke usiku. Nyimbo ni tano tu, na waliomo ni John Coltrane na Cannonball Adderley wa saksafoni na Bill Evans wa piano, kila mmoja bwana kwa haki yake. Hapa toleo lina maana: kwa miaka mingi nyimbo tatu za upande wa kwanza zilikuwa zikiuzwa zikiwa zimeharakishwa kidogo, kwa sababu mashine mojawapo ya kurekodia ilikuwa na kasoro ya mwendo. Zilianza kurekebishwa mwaka 1992. Ukiokota santuri au CD ya zamani zaidi ya hapo, elewa unachonunua.

Ya tatu: Ella and Louis, ya 1956. Hii ni kwa asiyevumilia muziki usio na mwimbaji, na kwa kumnunulia mzazi zawadi. Sauti ya Ella Fitzgerald ni maji ya mtungini, ya Louis Armstrong ni changarawe, na nyuma yao Oscar Peterson anapiga piano bila kujikweza.

Vijana wanaopenda mdundo mzito waruke moja kwa moja hadi namba nne, Head Hunters ya mpiga piano Herbie Hancock, 1973. Nyimbo nne. Ya kwanza ina zaidi ya dakika kumi na tano, inashikwa na mstari wa besi unaojirudia, na mguu hautakuomba ruhusa. Ya pili inafunguliwa na Bill Summers akipuliza chupa ya bia, akiiga filimbi za Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati.

Huyu Hancock ana deni letu, au sisi lake, sijui. Mwanzoni mwa miaka ya 70 yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga, na Julian Priester, naapa, Pepo Mtoto. Albamu yake iitwayo Mwandishi ilitoka 1971. Raha ya majina isikudanganye, muziki wake ni mgumu kwa mgeni. Ukitaka Kiswahili ndani ya jazi, tafuta kwanza Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru. Inafunguka kwa sauti ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akizungumza Kiswahili juu ya ngoma. Mara ya kwanza niliirudisha mara tatu kabla ya kuendelea.

Ya tano, Time Out ya Dave Brubeck, ina ule wimbo maarufu wa mapigo matano, Take Five, uliotungwa na mpiga saksafoni Paul Desmond. Nzuri, safi, ila kwangu ina ubaridi kidogo. Ya sita ni Getz/Gilberto ya 1964, ya Stan Getz wa saksafoni na João Gilberto wa gitaa: jazi iliyooa bossa nova, muziki laini wa Brazili. Jumapili mchana haina mpinzani.

Ya saba nimeiweka chini kwa sababu ya usumbufu wa matoleo tu: Ellington at Newport, onyesho la bendi ya Duke Ellington kwenye tamasha la Newport, Marekani. Julai 1956, mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves alipiga solo ya mizunguko 27 ya tuni mfululizo hadi watazamaji wakasimama na kuanza kucheza. Bahati mbaya alikuwa akipulizia maikrofoni ya redio ya Voice of America badala ya ile ya kampuni ya santuri, hivyo kwenye albamu ya zamani unamsikia kwa mbali. Nunua toleo lililotoka 1999, ambalo kanda zote mbili zimeunganishwa.

A Love Supreme ya Coltrane, pamoja na wapiga saksafoni Charlie Parker na Ornette Coleman, waache kwanza kabatini. Ni wakubwa kweli, lakini nimeona watu watatu wakianza na Coleman na hakuna aliyerudi.

Kuhusu umbo la kununulia: kama huna mashine ya santuri, usiinunue kwa ajili ya hizi, CD inatosha. Utakutana pia na maboksi ya bei poa kutoka Ulaya, albamu nane kwenye CD nne. Si lazima yawe ya wizi. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zinaweza kuchapishwa na yeyote. Sauti yake hutofautiana, na maelezo ya nani kapiga nini mara nyingi hayamo. Santuri ya mtumba nayo, itoe kwenye jalada uiinamishe chini ya taa. Mikwaruzo myembamba kama nywele haina neno. Ule unaonaswa na ukucha ukiupitishia kidole, sindano nayo itanaswa hapohapo, kila mara, katikati ya solo ya Lee Morgan.