Uzoefu wangu: Reli ndogo ya York iliyofundisha kazi ya ishara

Aliyeko Uingereza na anayependa mambo ya reli, aende York. National Railway Museum iko jirani kabisa na stesheni, na kiingilio ni bure. Wageni wengi hukimbilia Mallard, injini ya mvuke iliyofika kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Inastahili. Ila mimi nilinasa kwenye meza ndefu yenye reli ndogo, ambayo mtu akipita haraka atadhani ni ya kuchezea watoto.

Lilikuwa darasa. Kampuni ya Lancashire and Yorkshire Railway iliitengeneza mwaka 1912, ikakaa stesheni ya Manchester Victoria, na wahudumu wa ishara, yaani wanaoruhusu au kuzuia treni kupita, waliendelea kufundishwa juu yake hadi 1995. Injini za mvuke zilistaafu, meza ikabaki kazini!

Nilikuta wazee wa kujitolea wakiiendesha, kila mmoja na kituo chake cha ishara. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Treni haiondoki mpaka kengele zizungumze. Pigo moja ni kumwita mwenzako wa kituo cha mbele. Akiitika, unapiga manne: je, njia i wazi kwa treni ya abiria ya mwendo kasi? Akikubali anarudisha manne yale yale, anageuza kifaa chake, na sindano kwenye kifaa chako inahama kuonyesha njia i wazi. Treni ikiingia, unapiga mawili. Ikishapita kwake nzima nzima, yeye anapiga mawili, anatua kidogo, halafu moja.

Kisha wakatuonyesha treni ya pili ikiomba njia huku ya kwanza haijatoka. Kengele ikalia manne. Upande wa pili kimya. Kutojibu ndiko kukataa, na treni ikabaki imesimama mbele ya mkono wa ishara uliolala, maana yake simama. Nilisisimka, kwa sababu zamani treni za Uingereza ziliachanishwa kwa dakika tu, bila kuhakikisha kama iliyotangulia imeshatoka. Mwezi Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, mabehewa yaliyokatwa kutoka treni ya matembezi, iliyojaa watoto, yalirudi nyuma mteremkoni yakagongana na treni iliyoruhusiwa kufuata baada ya dakika kadhaa. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huo huo ikaja sheria ya kulazimisha, kwenye njia za abiria, treni moja tu kwa kila kipande cha njia. Ukishajua hayo, kila pigo la kengele unalisikia tofauti.

Ushauri wangu: uliza mapema kama siku hiyo kuna onyesho, maana meza ikiwa imelala hutapata hata nusu yake. Simama karibu na kituo kimoja, usizungukezunguke, uyafuate mapigo kwa kuhesabu. Na waulize wazee maswali; wanaijua kazi hii na wanapenda kuieleza. Mimi naipa nyota tano.