Tiba ya mwanga kwa soriasisi: huduma niliyoipata

Baada ya miaka mingi ya kutibu soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, kwa kupaka marhamu za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi), nilianza tiba ya mwanga katika kliniki moja ya ngozi, mara 3 kwa wiki, kwa mionzi ya urujuanimno (UV) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311. Mgonjwa husimama ndani ya kabati la taa akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, kwa sekunde chache mwanzoni, kisha muda huongezwa kidogo kidogo. Kufikia wiki ya 8, magamba ya viwikoni yalikuwa yamepukutika, yakabaki madoa ya kahawia tu. Kila nilipofika, muuguzi aliniuliza kama ngozi iliwasha usiku, na uangalifu huo ulinipa imani kubwa. Foleni, hata hivyo, ni ndefu mno, na nauli ya safari 3 kila wiki inawalemea wanaotoka mbali.