Shamba la pembe, Mpunguzi: hatimaye nimepata drai nyeupe ya Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 wageni wamekuwa hawaniishi, ndugu na marafiki wa Dar wanashuka stesheni Ijumaa jioni na swali ni lile lile, dada wewe si mtu wa huku, waini nzuri ya kwenu tunaipata wapi? Na miaka yote nilikuwa najibu kwa kusitasita kwa sababu mi mwenyewe, mtoto wa mkulima wa zabibu kabisa, nikiwa na hela nilikuwa nanunua ya Afrika Kusini. Sasa jibu ninalo, ni drai nyeupe, yaani waini kavu isiyobaki na sukari, na nataka nilieleze vizuri.

Ni shamba la familia, unaishika barabara ya Iringa mpaka Mpunguzi halafu unaacha lami. Jina la familia siweki hapa, mama mwenye shamba aliniomba hivyo, chupa ni chache na hataki watu watoke mbali wakose. Ila ukifika senta ukamwambia bodaboda nipeleke shamba la pembe atakupeleka bila kuuliza mara mbili. Barabara ya vumbi, mchanga mwingi sehemu mbili hivi, gari ndogo itakusumbua.

Kwa nini shamba la pembe? Kwa sababu wanafukia pembe za ng'ombe. Binti yao mkubwa alisomea kilimo Morogoro akarudi na hiki kilimo kinaitwa bayodinamiki, asili yake ni mihadhara aliyotoa mtu mmoja wa Austria, Rudolf Steiner, mwaka 1924, akasema shamba ulichukulie kama kiumbe kimoja kinachojilisha chenyewe, mifugo, udongo, mimea, vyote vinategemeana, hununui mbolea ya kiwandani wala sumu za dukani. Pembe inajazwa samadi mbichi ya ng'ombe jike inafukiwa miezi ya baridi, ikifukuliwa ile samadi imegeuka kitu cheusi laini hakina harufu kabisa, nimenusa mwenyewe ni kama udongo wa chini ya mti mkubwa. Ulaya wanafukia kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, hapa kwetu baridi ni kinyume kwa hiyo wao wanafukia mwezi wa tano kifuku, yaani msimu wa mvua, kikishaisha, wanafukua mwezi wa kumi kabla mvua hazijarudi. Kisha kiasi kidogo tu kinakorogwa kwenye pipa la maji saa nzima, unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, unageuza upande wa pili, hivyo hivyo saa nzima, wanapokezana baba, mama na watoto, ndio wanyunyize shambani jioni.

Majirani walisema ni uchawi. Mama alinihadithia hilo kwa uchungu kidogo, anasema msimu wa kwanza hakuna aliyekuja kuwasaidia kuvuna.

Mi kwenye yale mambo ya mwezi na nyota ya kilimo hiki, kwamba kuna siku za kushughulikia mimea ya mizizi na siku za mimea ya matunda, sijashawishika na nilimwambia binti hivyo hivyo, akacheka akasema dada wewe shika udongo kwanza. Nikashika. Jamani udongo wa Dodoma tunaujua, mwezi wa saba ni mgumu kama tofali na mwekundu, ila chini ya mizabibu yao kuna matandazo ya mabua ya uwele na mtama, ukifunua chini kuna unyevu, kuna minyoo, kiangazi! Sehemu yenye mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, halafu mnyoo unatembea. Kwangu mimi mbuzi na ng'ombe wao na lile rundo la mboji nyuma ya zizi ndio wanafanya kazi kubwa, lakini pia sidhani kama mtu asiye na moyo wa kukoroga pipa saa nzima angekuwa na moyo wa kubeba matandazo ekari nzima kwa mkono. Vyote vinatoka kwenye kujali kule kule. Magonjwa ya ukungu wanatumia salfa na mrututu (ile dawa ya shaba ya buluu) kidogo, hivyo vinaruhusiwa kwa kipimo, hawakunificha.

Zabibu yenyewe ni Chenin Blanc, ile nyeupe ambayo wengi hapa Dodoma wanayo. Asili ya zabibu hii ni bonde la mto Loire Ufaransa na huko huko wakulima kadhaa wanalima hivi hivi kwa pembe na mboji, na wanatoa kutoka zabibu hiyo moja mvinyo mkavu kabisa na mvinyo mtamu kabisa. Afrika Kusini ndio wanayo nyingi kuliko nchi yoyote. Kwa hiyo hatuna mbegu mbaya, hilo naomba mlishike. Tofauti ya kwetu ni kwamba mzabibu haulali, Ulaya unapukutika unalala baridi nzima lakini hapa ukiupogoa tu unaamka, ndio maana tunavuna mara mbili, mwezi wa pili mpaka wa tatu na tena mwezi wa nane mpaka wa tisa. Hii familia zabibu za kifuku hawatengenezei mvinyo, wanaziuza za kula kwa ndoo barabarani kwa sababu mvua inazijaza maji na ukungu unazipiga. Za kiangazi, jua kali mchana na usiku baridi, hizo ndio zinaingia kwenye tenki. Wakati wenzao wengi wanakamua kila kitu na kuuza mchuzi wa zabibu kwa jumla kwa wenye viwanda, wao wanakataa nusu ya hela ili chupa iwe nzuri. Hapo ndipo nilianza kuwaheshimu.

Sasa kuonja. Tulikaa chini ya mbuyu, meza ya mbao, mama akaja na jagi la maji ya kunawa na karanga za kukaanga. Drai kwanza. Rangi ni njano ya mbali sana, karibu ya majani makavu. Harufu pera bichi, ganda la limau, halafu kitu fulani kama ardhi mvua ya kwanza ikidondoka mwezi wa kumi na mbili, mtu wa Dodoma ile harufu anaijua. Mdomoni ni kavu kweli kweli, hamira imekula sukari yote, uchachu wake safi unakupiga pembeni ya ulimi kama ubuyu mweupe usiotiwa sukari, na ukishameza ladha inabaki, inabaki, unaanza kutafuta chakula. Nilifunga safari Jumamosi iliyofuata na chupa moja mpaka mnada wa Msalato, mbuzi choma na limau na pilipili na ile drai kutoka kwenye kuleboksi ya barafu, na shemeji yangu ambaye siku zote anasema waini ni ya kina mama alimaliza glasi tatu. Kwa kuku wa kienyeji wa kuchemsha inaenda pia. Kwa mlenda hapana, nimejaribu, utelezi unaua ule uchachu.

Nasema haya kwa sababu hapa kwetu tumezoeshwa kwamba waini lazima iwe tamu, mtu akionja kavu anakunja uso anasema imeharibika, na watengenezaji nao wanaongeza sukari kumfurahisha. Mwisho wa siku tunakunywa sukari, zabibu huioni. Huyu mama amekataa, na kwa kweli inahitaji ujasiri maana drai yake ndio inatoka taratibu.

Tamu yao nayo wala usiifikirie kama zile za sherehe. Vichala vinaachwa juu ya mzabibu wiki tatu zaidi vinaanza kusinyaa, sukari inajikusanya yenyewe, wanafunika kwa nyavu maana ndege wakijua hakubaki kitu, na wanapoteza nyingi. Hakuna kijiko cha sukari kinachoongezwa, hamira inafika mahali inashindwa na utamu unabaki. Ni asali ya nyuki wadogo, embe lililokaushwa, halafu nyuma yake uchachu ule ule wa drai unakuja kuusafisha mdomo, ndio maana haikinaishi. Glasi ndogo, baridi, baada ya chakula. Usinywe kama soda.

Bei drai 25,000, tamu 35,000 na chupa ya tamu ni ndogo, nusu ya ile. Kwa tamu niliona nyingi mpaka nilipoona zile nyavu na zabibu zilizosinyaa zinavyotoa maji kidogo, nikalipa. Yasiyonifurahisha: lebo haina mwaka wa mavuno na kwa mvinyo wa aina hii mwaka ni muhimu, glasi ni zile nene za juisi haziruhusu harufu kupanda, na chupa yangu moja kati ya sita kizibo kilikuwa kimelegea, ilikuwa imeshaanza kwenda kwenye siki. Nilipiga simu, binti alinibadilishia bila maswali na akaomba ile mbovu airudishe aiangalie. Umeme ukikatika friji lao halipoozi kwa hiyo unaweza kuikuta ya vuguvugu, nenda na barafu yako.

Moja nilimpelekea baba. Baba aling'oa mizabibu yake nikiwa darasa la tano, mwaka ambao mnunuzi aliahidi kuleta lori na lori halikuja, zabibu zikaozea shambani tukawa tunawapa mbuzi, na tangu siku hiyo hajawahi kunywa mvinyo wa Dodoma wala kupenda kuuzungumzia. Nilimmiminia drai bila kumwambia ni ya wapi. Alikunywa kidogo, akatulia, akaniuliza hii nyeupe ya nani. Nikamwambia ya Mpunguzi, baba. Akanyamaza muda mrefu kisha akauliza matandazo wanaweka ya nini, ya uwele au ya mtama? Nimempeleka Jumapili iliyopita. Alimsalimia mama mwenye shamba kwa Kigogo, mbukwenyi, na wakapotea kwenye mistari ya mizabibu saa mbili nzima, mimi nimekaa chini ya mbuyu na karanga.

Ukitaka kwenda, piga hodi kabla ya saa kumi jioni, jioni wana mifugo. Jumapili asubuhi wako kanisani. Mwezi wa nane na wa tisa wanavuna na wanaruhusu watu kusaidia kukata vichala, unaanza alfajiri jua halijawa kali na unalishwa. Mi na baba tumeshaandikisha majina.