Longibodi ya mtumba, barabara ya Dunga: miezi mitano sasa

Nilipoileta nyumbani nikaiegemeza ukutani, mama aliitazama kwa muda, akauliza kama siku hizi nguo zinapigiwa pasi kwenye ubao mwembamba hivyo. Sikumlaumu. Longibodi ni skeitibodi ndefu, ubao wa magurudumu unaosimama juu yake na kujisukuma kwa mguu; yangu ina urefu wa sentimita 102, imebonyea kidogo katikati kama mtumbwi, na mpaka uipindue ndipo unapoona magurudumu. Niliipata mwezi wa tatu kwa muuzaji mmoja wa mitumba hapa Kisumu. Alitaka 9,000, tukavutana hadi 6,500. Tangu hapo nimeipanda karibu kila Jumapili, na kwa kuwa kila ninaposimama mtu huniuliza kama inafaa kununua, wacha nieleze.

Tazama magurudumu kwanza. Ubao wangu una papa mkubwa amechorwa chini, na nakiri papa ndiye aliyenivuta, lakini papa hakusaidii chochote barabarani. Zile skeitibodi fupi za kurukia ngazi huwa na magurudumu madogo, kama milimita 52, magumu kweli. Zipeleke kwenye lami yetu yenye kokoto juu na utasikia meno yakigongana. Yangu yana milimita 70 na yameandikwa 78A. Hicho ni kipimo cha ugumu: namba ikiwa ndogo, gurudumu ni laini. Gurudumu kubwa na laini linapita juu ya kijiwe; dogo na gumu linakwama hapo hapo, wewe unaendelea na safari peke yako. Huko California, mchezo ulipoanza miaka ya 1950, walitumia magurudumu ya chuma, na nafuu ya kweli ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alipoleta ya plastiki ya yurethani. Sisi tuliosukumana utotoni kwenye vigari vya beringi tunaielewa habari hiyo kwa magoti.

Watu wa Mombasa watacheka nikisema hii ni barabara ya pwani. Wacheke. Maji yetu ya Ziwa Victoria hayana chumvi, lakini jua letu linazama upande wa maji, lao linazama nyuma ya nyumba.

Naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na Hifadhi ya Impala, kabla bodaboda hazijachangamka. Siku moja simba wa pale alinguruma nikifunga kamba za viatu. Kichwa kilijua yuko ndani ya ua. Miguu haikupata habari. Kutoka hapo unafuata barabara kuelekea Hippo Point, ziwa likijitokeza na kujificha kati ya miti, kisha unashuka Dunga kwenye mitumbwi na mafunjo. Kuna vipande laini ambapo unapiga mguu mara tatu tu na ubao unateleza wenyewe, na kuna vipande vya kokoto ambapo nyayo zinawasha kana kwamba umesimama juu ya mashine ya kusaga. Kuna matuta pia. Kwenye tuta nashuka na kubeba ubao kwapani. Ni mzito kama mtoto mchanga, na haulii.

Jambo lililonishangaza ni upepo. Jumapili za mwanzo niliona ajabu: kwenda asubuhi nasukumwa mgongoni, na nikikaa Dunga mpaka mchana, kurudi nasukumwa tena mgongoni. Nilidhani nimekuwa fundi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ndiye aliyenifungua macho. "Kijana, huo upepo ndio unaotutoa na kuturudisha," aliniambia. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo hadi alfajiri upepo hutoka bara kwenda majini. Mchana nchi inapata joto, upepo unageuka na kuingia kutoka ziwani. Wenye mashua za tanga wanaufuata hivyo tangu zamani. Basi nami nafuata ratiba ya wavuvi, ila ninaondoka Dunga kabla ya saa tisa, maana mvua za Kisumu zinapenda alasiri na lami ikilowa magurudumu haya yanateleza kama sabuni.

Sasa lawama. Muuzaji aliniapia kwamba beringi ni mpya. Wiki ya tatu gurudumu la nyuma kulia lilianza kulia kama mlango wa kanisa, na nilipolifungua nikakuta kutu tupu, kutu ya siku nyingi. Nikabadilisha zote nane. Hapa kuna habari njema: saizi ni 608, ile ile inayotumika kwenye mota nyingi ndogo, kwa hiyo nilizipata duka la vifaa bila kuagiza Nairobi. Siku hizi nikirudi kutoka mchangani nazifuta na kuzitia tone la mafuta mepesi ya mashine. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, zungusha kila gurudumu kwa kidole na usikilize. Likisimama haraka au likikwaruza, punguza bei hapo hapo.

Na breki. Hakuna breki. Unasimama kwa kuburuza mguu wa nyuma chini, na raba zangu za turubai zilitoboka soli ndani ya mwezi. Fundi viatu wangu alinibandikia kipande cha tairi chini ya kiatu cha kulia, kama akala, akanitoza shilingi 150, na hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua. Fanya mazoezi ya kusimama mahali tambarare wiki mbili kabla ya kugusa mteremko wowote. Mimi nilifanya siku mbili, nikaacha ngozi ya kiwiko mbele ya akina mama wa omena, waliosema pole kwanza na kucheka baadaye. Vaa kofia ngumu. Na kama una rafiki anayekushawishi mjaribu mteremko wa Riat, mwache aende peke yake.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa 5,000, kwa sababu ya zile beringi. Kwa anayetaka chombo cha kwenda kazini, hapana. Baiskeli inakubeba na mzigo wako. Jioni pia siipandi upande wa Hippo Point. Machweo ni mazuri sana, lakini hiyo ndiyo saa viboko wanatoka majini kutafuta nyasi, na nimeshasema hii kitu haina breki.