Kanga za mwisho wa karne ya 19 na bugaluu za miaka ya 1970

Wapenda mavazi wa Mtwara na Lindi wakibishania enzi iliyopendeza zaidi, mimi husimama upande wa kanga. Ilipoingia mwishoni mwa karne ya 19, iliwakuta wanawake wa pwani, tangu Kilwa Kivinje hadi Mikindani, wakijifunga kaniki na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na meli za Marekani. Kanga ikaleta rangi, pindo, mji (sehemu ya katikati) na, baadaye, jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ambalo hapo awali liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Doti moja, ikishakatwa katikati na kupindwa, humtosha mwanamke kujifunga kiunoni, kujitanda na hata kumbeba mtoto.

Bugaluu, suruali iliyobana mapajani na kupanuka miguuni, ilikuwa ya vijana, nao waliivalia raizoni, viatu vyenye soli nene. Ilishamiri si muda mrefu baada ya Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na ujasiri wa kuivaa wakati huo (wengine watauita utundu) naustahi. Lakini kwa joto la Mikindani, kitambaa kizito kilichofagia mchanga kilikuwa adhabu.