Kipima maji cha tangi la nyumbani: kipi ununue ukiwa Tanga

Ukimwona mtu asubuhi anapigapiga simtanki kwa kiganja huku ametega sikio, ujue hana kipima maji. Vifaa vya kumwondolea kazi hiyo vipo, na kimojawapo unaweza kukiunda mwenyewe kwa jioni moja. Ila huku kwetu, kuanzia Raskazone mpaka Ngamiani, hewa ya bahari ina chumvi na kutu ndiyo inayoviua. Kwa hiyo nimevipanga kwa kigezo kimoja: kipi kitakuwa bado kinafanya kazi mwakani.

1. Floti ya waya

Nyumba ikiwa na pampu, anza na hii hata kama fedha uliyonayo ni ya kifaa kimoja tu. Ni boya la plastiki lililozibwa, lenye swichi ndani. Maji yakipanda linaelea na kugeuka, swichi inakata umeme wa pampu. Hakuna chuma kinachogusa maji.

Dukani soma namba zilizochapwa ubavuni. Ukikuta 16(4)A, hiyo 16 ni kwa mzigo kama hita. Iliyo kwenye mabano ndiyo ya mota. Pampu ya nusu HP kwa kawaida inahimilika. Ya HP 1 na kuendelea, mwambie fundi umeme aweke kontakta (swichi kubwa inayobeba umeme wa pampu) katikati, la sivyo swichi inaweza kuungua ikang'ang'ania, na pampu ikaendelea kusukuma maji mpaka uani. Pima pia urefu wa waya kabla hujalipa, maana usije ukaunga waya ndani ya tangi.

2. Vijiti vya stenlesi na transista

Hiki ni cha anayetaka kujua tu kama tangi liko robo, nusu au limejaa. Tafuta vijiti vinne vya stenlesi, transista (swichi ndogo za kielektroniki) tatu za BC547, taa tatu za LED, rezista kadhaa na chaja ya simu ya volti 5. Kijiti cha chanya kinakaa chini kabisa. Vingine vinaning'inia, kila kimoja kwenye kimo chake. Maji yakikifikia, umeme mdogo unapita majini hadi kwenye beisi ya transista (mguu unaoiwasha) na taa yake inawaka. Maji ya visima vya pwani, kwa ile chumvi yake, yanapitisha umeme vizuri sana.

Kinachoharibu kazi ni shaba. Wapo wanaochuna waya wa kawaida na kuutumbukiza hivyohivyo. Upande wa chanya unaliwa, unageuka kijani, na shaba hiyo unaishia kuinywa. Stenlesi inadumu zaidi, lakini nayo huliwa ikiachwa na umeme usiku na mchana. Dawa yake ni kibonyezo cha kengele ya mlangoni, kiungwe kwenye waya wa chanya. Unabonyeza, unatazama taa, unaachia. Bei yake ni ndogo, na ndicho kitu cha mwisho ambacho ningekubali kukipunguza kwenye orodha. Saketi yenyewe ikae ndani ya nyumba. Juu ya tangi ziende nyaya tu.

3. Sensa ya kubandika nje

Inahisi maji kupitia ukuta wa plastiki, bila kulowana. Ingeshika nafasi ya pili kama isingedai sensa moja kwa kila kimo. Tangi la chuma au la zege, isahau.

4. Sensa ya mawimbi ya sauti

Inavutia, inatoa kipimo kwa sentimita. Lakini HC-SR04 ya bei rahisi ina macho wazi, na mvuke wa ndani ya tangi utaifanya waja leo waondoka leo. Ukiitaka kweli, nunua JSN-SR04T yenye kichwa kilichozibwa, uiinue juu ya usawa wa maji yaliyojaa kwa sentimita 25 hivi, maana chini ya hapo haioni vizuri. Tena utahitaji Arduino (kibao kidogo cha kompyuta) na mtu wa kuiandikia programu.