Fundi aliyeipiga msasa Lee-Enfield yangu

Ndugu zangu mnaokusanya bunduki za zamani za kijeshi hapa Marekani, hasa tulioko Texas, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu bunduki zenu. Kuna fundi bunduki mmoja, jina silitaji, karakana yake iko kando ya barabara kuu na kila uwanja wa shabaha utasikia akisifiwa. Nimetoka kwake na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield Namba 4, zile zilizotengenezwa na Savage kule Massachusetts wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ubavuni imegongwa "U.S. PROPERTY", ingawa ilitengenezewa jeshi la Mwingereza. Nimekulia Dar es Salaam, na Lee-Enfield ndiyo bunduki ya wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, ndiyo waliyovuka nayo bahari hadi misitu ya Burma. Kwa hiyo sikuinunua kwa ajili ya kutundika ukutani tu. Na nilipoipata, mwaka juzi au kabla kidogo, namba ya kwenye bolti (komeo linalofunga risasi kwa nyuma), ya kwenye chuma cha mwili na ile iliyogongwa chini ya mbao ya mbele zilikuwa moja. Wanaojua wanajua uzito wake. Nyingi zilishapita karakana za jeshi zikachanganywa vipuri. Yangu ilikuwa na namba moja mwili mzima.

Shida ilikuwa maganda ya risasi. Ukifyatua, ganda linatoka na mstari unaong'aa umelizunguka karibu na ukingo wa nyuma, na mengine yalianza kupasuka hapohapo. Maana yake bolti imeacha nafasi kubwa nyuma ya risasi, ganda linavutika. Hilo si la kupuuza, kwa sababu siku likikatika kabisa gesi ya moto inarudi upande wa uso wako. Kwenye Namba 4 dawa yake inajulikana: kichwa cha bolti kinafunguliwa, kinafungwa kingine kirefu zaidi. Vimegongwa namba, kuanzia 0 hadi 3. Changu kilikuwa 1. Kazi ni hiyo tu.

Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: BOLTI TU, MBAO ZISIGUSWE. Akaipokea na kuitia mfukoni bila kuitazama.

Wiki zikapita. Napiga simu, haipokewi. Siku ikipokewa ni kijana wake, naambiwa mzee ana kazi nyingi. Nilipofika kuichukua nikadhani nimepewa bunduki ya mtu mwingine. Mbao zinang'aa kama meza ya hotelini! Amezipiga msasa hadi ndani, kisha akazimwagia vanishi, mbao zilizokunywa mafuta ya kitani miaka na miaka. Ile namba ya chini haipo. Mhuri wa mkaguzi haupo. Na yale maandishi ya ubavuni ameyajaza rangi nyeupe, eti yasomeke.

Nikamuuliza kwa adabu, mzee, namba iliyokuwa hapa iko wapi? Hakuinua hata macho. "Ilikuwa chafu. Nimekusafishia, na sikukutoza." Nikamkumbusha ile karatasi. Akasema, "Nyie wakusanyaji mnaabudu uchafu," akawasha mashine yake, nikabaki naongea na mgongo.

Uchafu! Ule weusi uliokuwa kwenye shingo ya kitako ni mafuta ya mikono ya askari. Kila mkwaruzo uliingia mahali, siku fulani, mtu akiwa ameishika. Akiletewa Mauser ya 1871, zile za baruti nyeusi walizokuwa nazo askari wa Mjerumani pale Tanga Novemba 1914, kila risasi na wingu lake la moshi, nayo ataipaka vanishi? Kifutwacho hapo hakinunuliki tena popote. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzoni. Kisha nikaenda uwanjani.

Bolti ilifunga vizuri ajabu. Lee-Enfield inajikoki, yaani inajiweka tayari kufyatua, unapoisukuma bolti mbele, na sasa unasikia inashika pale pale inapotakiwa. Maganda yote yalitoka mazima, hata mstari haupo. Kwa yadi 100 matundu yote nayafunika kwa kiganja, na hapo natumia shabaha yake ya chuma, hakuna darubini. Kwenye risiti nikakuta ameandika pia kwamba amelikagua lile pengo la kwenye reli inayopita bolti, ambalo Savage walilikata ili bolti itolewe kirahisi, mahali panapojulikana kwa kumeguka, na akasema ni zima. Sikumwomba. Mafundi wengi hapa hata hawajui pa kuangalia. Huyu mtu anaijua bunduki hii kuliko yeyote niliyekutana naye, na ndiyo maana inaniuma zaidi: hakufuta ile namba kwa kutojua. Alijua ni nini akaifuta.

Basi nyota nne kwa kazi ya chuma. Hapana, nimeigeuza sasa hivi nikapaona pale chini palivyo peupe. Mbili.

Kama ni lazima mumpelekee, vueni mbao zote nyumbani. Anzeni na ile ya mbele kabla hamjalegeza skrubu ndefu ya ndani ya kitako, maana mkianza na kitako ya mbele inaweza kupasuka. Mpeni chuma kitupu. Nina SMLE, Lee-Enfield ya aina ya zamani zaidi, iliyotengenezwa Ishapore kule India, ambayo maganda yake nayo yameanza kunitia wasiwasi, na itakwenda kwake hivyo, bila ubao hata mmoja. Nitamlipa chake chote, ila salamu asitarajie.